Taa Chini ya Pangaboi

Katika nyumba nyingi za mjini, anayenunua globu huwa siye anayeihitaji zaidi. Hununua mwenye hela na mwenye kupita dukani: kijana anayerudi kazini, baba aliyeagizwa mkate na maziwa. Huyo akiingia sebuleni usiku hutazama simu, na simu ina mwanga wake. Akichoka na simu hutazama televisheni, nayo ina mwanga wake. Kwake yeye taa ya dari kazi yake ni kumwepusha asijikwae kwenye meza. Kwa hiyo huchukua globu yoyote ya bei nafuu, wati 5 au 7, anaifunga, inawaka, shauri limekwisha. Na kwenye kochi la ukutani amekaa mtu wa miaka 70 na kitu, hana simu ya kutazama, ana kazi yake mikononi, na wala halalamiki.

Nimemfikiria sana mtu huyo. Nimekuja kuamini kwamba sehemu ya kile tunachokiita uzee wa macho ya wazazi wetu, tena sehemu isiyo ndogo, ni kiza tulichokiweka sisi wenyewe darini. Mzee akiacha kusoma Korani usiku, tunasema macho yamechoka. Akiacha kushona, akiacha kuchambua mchele, akianza kupapasa dawa zake mezani kwa vidole, tunasema ndiyo umri huo. Ni wachache wanaoinua macho wakaitazama taa.

Shangazi yangu wa Magomeni anashona kofia za vito. Asiyewahi kuishika kofia ya namna hiyo inapokuwa bado inashonwa, hebu na avute picha: kitambaa cheupe kilichokunjwa tabaka mbili, kimechorwa nakshi kwa penseli nyembamba, na juu ya mistari hiyo kuna vitundu vidogo vidogo vilivyotobolewa kwa sindano, kila kimoja kimezungushiwa uzi ukingoni ili kisifumuke. Vitundu hivyo ni mamia. Uzi nao ni mweupe, au wa rangi ya maziwa. Kofia moja nzuri hula wiki nyingi, pengine miezi, na anayeivaa Ijumaa hajui ni macho kiasi gani yaliyomo ndani yake. Kazi ya nyeupe juu ya nyeupe haina cha kuisaidia isipokuwa mwanga. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe huonekana hata kwenye kiza, lakini mweupe juu ya mweupe hutambulikana kwa kivuli chake tu, ule mstari mwembamba wa kijivu unaoachwa na uzi ukingoni mwa tundu. Taa ikiwa hafifu, kivuli hicho hakipo, na bila hicho mshonaji hana cha kufuata.

Asubuhi Shangazi hukaa barazani na kazi humwendea vizuri. Ikifika magharibi anakunja kitambaa, anachomeka sindano kwenye kibunda cha uzi, anaingia ndani, na tangu hapo mikono yake haina kazi mpaka kulala. "Macho yangu siku hizi yanalala kabla yangu," aliniambia. Alikwishapimwa katika hospitali ya CCBRT, akapewa miwani mipya, akaambiwa mtoto wa jicho ameanza lakini bado hajafikia kutolewa. Miwani ilikuwa nzuri. Mchana alisoma nayo hata maandishi ya kwenye chupa za dawa. Usiku miwani ile ile haikumfaa kitu, na yeye akahitimisha kwamba ubovu ni wake.

Lakini miwani hukusanya mwanga na kuunyoosha, haiutengenezi. Na jicho la mtu mzima hupokea mwanga kidogo kuliko tunavyodhani sisi wenye macho mapya. Mboni yake haifunguki tena kama ya kijana, hata gizani hubaki ndogo. Lenzi nyuma ya mboni imekuwa nene na imeingia umanjano, kwa hiyo inameza sehemu ya kile kinachopita. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu wa macho ni kwamba mtu wa miaka 60 hufikiwa na takriban theluthi moja ya mwanga unaomfikia mtu wa miaka 20 ndani ya jicho, wote wawili wakiwa chumba kimoja. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Tunakaa na Shangazi sebule moja, chini ya taa moja, tukiongea habari moja, na mimi nimo katika mwanga mara tatu ya wake. Kisha mimi ndiye ninayeamua kwamba taa inatosha.

Hesabu ya sebule yenyewe inahuzunisha. Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa laksi. Juani saa sita mchana ni kama laksi 100,000. Kivuli cha baraza, siku ya jua, huwa na laksi elfu kadhaa, na ndiyo maana kazi ya Shangazi ilimwendea huko. Ofisi ya watu wanaosoma na kuandika hupangiwa laksi 500, na ushonaji makini wa mkono hutaka zaidi ya hapo. Sebuleni kwake, chumba cha mita nne kwa nne, zilikuwa zinawaka globu mbili za wati 5. Zote pamoja hazifikishi lumeni 900 za mwanga. Hata kama kila chembe ya mwanga huo ingeshuka sakafuni bila kupotea, ingekuwa chini ya laksi 60. Na inapotea: kwenye vumbi la vikombe vya kioo, kwenye pazia, kwenye ukuta wa rangi ya samawati. Kilichomfikia mapajani, nakadiria, ni laksi 20 au 30. Kutoka elfu kadhaa mpaka 30, kwa hatua tano za kuvuka kizingiti.

Tena kuna suala la pale anapokaa. Sebule zetu zimepangwa kwa adabu ya wageni: makochi yameegemea kuta zote, katikati pana meza, juu ya meza kitambaa, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Pangaboi limening'inia katikati ya dari na taa zake chini yake. Kwa hiyo mwanga mzuri kuliko wote nyumbani humwagikia maua ya plastiki, na watu wako pembeni. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, na ukimfikia mtu kwa mshazari hupungua zaidi. Aliyekaa ukutani, mita mbili kutoka katikati, hupata chini ya theluthi ya ule ulioko mezani. Nilimshauri Shangazi tuvute kochi lake mbele. Alikataa, na nadhani alikuwa na haki. Kochi lile linatazama mlango. Miaka yote amekaa pale ili amwone anayeingia kabla hajasema hodi ya pili. Mtu hahamishwi mahali pake kwa sababu ya globu, globu ndiyo inayopaswa kumfuata mtu.

Hapo ndipo nilipopanda kwenye stuli kuiangalia ile taa kwa karibu, feni ikiwa imezimwa na meni swichi imeshushwa. Swichi ya ukutani peke yake siiamini katika nyumba za zamani, maana hujui fundi wa kwanza alikata waya upi. Pangaboi la Shangazi ni la aina iliyoingia kwa wingi miaka ya karibuni: mapanga matano yenye rangi ya mbao, mnyororo mwembamba wa kuvuta, na chini ya mota vikombe vinne vya kioo cha maziwa vyenye umbo la ua, vimeinamia nje na chini. Lilinunuliwa na mwanawe wakati wa harusi. Vikombe vinne, lakini zilikuwa zinawaka taa mbili. Ya tatu ilikuwa imeungua kweli. Ya nne ilikuwa nzima kabisa, imelegea tu kwenye holda. Niliizungusha nusu duara ikashika.

Jambo hilo dogo lina maelezo yake. Globu zetu za asili, tulizozirithi kwa Waingereza, ni za pini: unasukuma, unageuza, springi inazibana. Feni nyingi zenye taa zinaletwa na holda za kuzungusha, na globu ya kuzungusha haina kinachoizuia isirudi ilikotoka isipokuwa kukazwa kwake. Feni inatikisika usiku kucha, mwaka mzima, hasa ikiwa panga moja limepinda au lina vumbi kuliko mengine. Polepole globu inajifungua. Nyumba ngapi zina globu "mbovu" ambayo inahitaji tu mkono wa mtu kuikaza? Panda uangalie, kabla hujatoa hela.

Ndani ya kikombe kimoja, karibu na holda, palikuwa na kibandiko cha fedha, herufi zake zimeanza kufifia: MAX 40W. Kibandiko hicho ndicho kinachowafanya waungwana wengi wabaki kizani. Wanadhani kinaweka mpaka wa mwanga. Kinaweka mpaka wa joto. Kiliandikwa kwa kuifikiria globu ya waya, ile ya zamani inayong'aa kwa kuunguza uzi wa chuma, ambayo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme wake hugeuka joto. Globu ya waya ya wati 60 ndani ya kikombe kidogo ingekausha plastiki ya holda, ingepasua mpira wa waya, na siku moja ingeleta moto. Onyo hilo ni la kuheshimiwa. Lakini globu ya LED ya wati 9 inakula wati 9, na inatoa lumeni zipatazo 800, mwanga ule ule wa globu ya waya ya wati 60. Boksi lake huandikwa namba zote mbili, 9W na 60W, na mnunuzi anaogopa ile kubwa. Kibandiko kinauliza ile ndogo. Vikombe vyote vinne vikiwa na wati 9 vinakula wati 36, chini ya kiasi ambacho kikombe kimoja tu kiliruhusiwa.

Uoga wetu wa wati una historia, na siulaumu. Waliokuwa watu wazima wakati wa mgao wa 2006, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua mno na umeme ukakatwa mchana kutwa, walijifunza kwamba kuwasha taa ni kuchukua kitu cha kila mtu. Na kwenye mita ya Luku unaona uniti zikishuka mbele ya macho yako. Wazee walishika funzo hilo kuliko vijana, kwa sababu wao walianzia kwenye koroboi na chemli, na kwa mtu wa chemli taa yoyote ya umeme ni neema ya kutolalamikiwa. Lakini sasa hesabu imebadilika. Globu nne za wati 9 zikiwaka saa tano kila usiku zinakula kama uniti tano na nusu kwa mwezi. Pangaboi lenyewe, la wati kama 70, likizunguka saa kumi kwa siku linakula uniti 21. Pasi ikikaa moto nusu saa inamaliza umeme ambao ungewasha taa hizo zote nne jioni mbili na zaidi. Tunabana pale pasipo na kitu, kisha tunambana asiyelalamika.

Kuna kitu kingine kuhusu feni hiyo ambacho kimenifurahisha tangu nilipokijua, na nakitaja kwa sababu ya mwenye nyumba mwenyewe. Aliyeanzisha feni ya dari ya umeme alikuwa mtu wa cherehani. Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa mhandisi katika kampuni ya Singer, hao hao ambao cherehani zao nyeusi zenye maua ya dhahabu bado zinakanyagwa kwenye vibaraza vya mafundi wetu. Katika miaka ya 1880 alichukua mota ya kuendeshea cherehani, akaifunga mapanga, akaitundika darini. Mwaka 1882 huyo huyo alikuwa amesajili globu ya umeme ya ubunifu wake, iliyoshindana na ya Edison, na husimuliwa kwamba baadaye ndiye aliyeifungia feni taa. Nilimsimulia Shangazi. Akatazama juu, akaitazama mashine inayozunguka, akasema, "Kumbe ni ndugu yangu." Tangu siku hiyo siwezi kuliona pangaboi lile kama chombo cha kupoza tu. Limetoka kwenye mikono ya washonaji, na linapaswa kuwaangazia washonaji.

Kariakoo nilikwenda na globu moja ya zamani mfukoni kama sampuli, maana ukubwa wa shingo haukisiwi kwa mdomo. Muuzaji aliniuliza wati ngapi. Nikamwomba anioneshe lumeni. Akageuza boksi, akatafuta, akaikuta namba ubavuni kwa maandishi madogo: 806. "Dada, mimi watu wananiuliza wati tu," alisema, na akaanza kugeuza maboksi mengine naye atazame. Baadhi yalikuwa na namba hiyo, baadhi hayana. Boksi moja lilikuwa limeandikwa wati 15 kwa herufi kubwa kama tangazo la mkutano, lakini lumeni hakuna, na ndani globu nyepesi kama kifuu kitupu. Sikuichukua. Mtengenezaji asiyetaja mwanga anaouza anakuuzia kitu kingine.

Akazijaribu kwenye holda iliyopigiliwa mezani, kama wafanyavyo wote pale. Jaribio hilo lina faida moja, unajua kwamba inawaka. Kupima ukali halifai. Globu iliyo mbele ya pua yako, mchana, katika duka lenye globu nyingine zilizokwishawaka, yoyote ile inaonekana kali, na jicho lenyewe limejibana. Jicho halihesabu mwanga kama mizani inavyohesabu sukari. Ukiongeza robo, halitambui. Ukiongeza mara mbili linatambua kidogo, linasema "afadhali". Kwa hiyo anayetoka wati 5 kwenda 7 amepoteza nauli yake. Ukiamua kuongeza mwanga kwa ajili ya mzee, ongeza mara tatu au nne, au uache.

Kwa nini basi nisichukue mbili za wati 15 badala ya nne za 9? Kwa sababu ya kikombe. Globu kubwa hutokeza kichwa nje ya kioo, na aliyekaa kwenye kochi anaiona uchi. Jicho lenye mtoto wa jicho huteswa na mwanga wa namna hiyo, miale inatawanyika ndani ya lenzi na kila kitu kinafunikwa na ukungu mweupe, mwanga umeongezeka na kuona kumepungua. Nne ndogo zilizojificha vizuri ndani ya vikombe vyake hutoa mwanga kutoka pande nne, vivuli vinakuwa laini, na mkono wa mtu haujifunikii kazi yake mwenyewe.

Rangi ndiyo tuliyobishania zaidi, mimi na muuzaji na mteja mmoja aliyesimama karibu. Mtaani nyeupe kali ya 6500 ndiyo inayotawala, watu wanasema ndiyo inayoonekana ina nguvu. Ile ya manjano, 2700, wanasema ni ya hoteli. Hiyo namba hupima rangi ya mwanga kwa kelvini, haina habari na wingi wake. Nyeupe ya bluu humchelewesha mtu usingizi ikimpiga jioni nzima, na kwa jicho lililoingia umanjano sehemu ya bluu hiyo inamezwa au inatawanyika njiani bure. Pia inaita wadudu zaidi, na anayejua masika ya Dar es Salaam anajua inavyokuwa kumbikumbi wakiamua taa yao ni ipi. Ile ya manjano nayo humfanya Shangazi ashindwe kutenganisha uzi mweupe na wa maziwa, jambo ambalo kwake si dogo. Nikaomba 4000, iliyo kati. Muuzaji akapanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa kuzitafuta. Naipendekeza kwa nyumba yoyote yenye mtu mzima.

Kabla ya kutoka nilifanya jaribio moja ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Nilichukua kalamu, nikaichezesha haraka mbele ya globu iliyowaka. Chini ya globu mbaya unaona kalamu nyingi zimepangana kama vidole, chini ya nzuri unaona ukungu mmoja tu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na globu ya ovyo huzima na kuwaka mara 100 katika sekunde hiyo bila mtu kujua, ila kichwa kinajua. Chini ya pangaboi ubaya huo unazidi. Mapanga huonekana yamesimama au yanarudi nyuma, na aliyelala chali anapata kizunguzungu asichokijua chanzo.

Kazi ya fundi umeme ilikuwa fupi, ila ilifichua jambo. Shangazi alikuwa amezoea kwamba feni ikipunguzwa, taa nayo inanywea. Alidhani ndivyo zilivyo. Aliyeifunga mwanzo alikuta dari ina waya mmoja tu wa moto, basi akaunganisha taa na feni kwenye regulata moja. Globu za LED hazivumilii hivyo, humeta na kufa mapema. Fundi wetu akapitisha waya wa pili ndani ya tranki nyembamba ukutani, akaweka swichi ya taa peke yake karibu na mlango, kwa kimo ambacho Shangazi anafika bila kunyoosha bega. Ile ya kimo sikuiwaza mimi. Ni fundi aliyemuuliza, "Bibi, hebu nyoosha mkono nione."

Vikombe tuliviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Vumbi la feni huchanganyika na mvuke wa mafuta ya jikoni, likashika kama gundi. Maji yalitoka rangi ya chai. Mwanga mwingi ulikuwa umekwama pale, bure, na kuukomboa kuligharimu kipande cha sabuni tu.

Usiku ule tuliwasha. Sitasema kwamba Shangazi alichukua sindano akaanza kushona, maana hakushona. Hata kwa lumeni 3,200 hesabu inasema mapajani pake panafika laksi 80, labda 100, na vito vinataka zaidi ya mara tano ya hapo. Hakuna globu ya pangaboi itakayofanya kazi ya baraza la asubuhi. Kwa vito tulimnunulia taa ya mezani yenye shingo ya kupinda, ikakaa upande wa kushoto kwa kuwa anashona kwa mkono wa kulia, na saa za kazi za usiku sasa ni zake akizitaka.

Taa ya dari ilileta mambo mengine, ambayo naona ni makubwa kuliko kofia. Ana vidonge viwili vyeupe, cha presha na cha sukari, vya ukubwa unaokaribiana, vyenye mstari katikati, kimoja kina herufi upande wa pili. Siku zote alivitenganisha kwa kumwita mjukuu. Usiku ule alivigeuza kwenye kiganja, akasoma herufi, akameza, mjukuu hakuitwa. Mkeka wa mlangoni una ncha iliyojikunja, akaiona, akaisukuma kwa mguu. Na alinitazama usoni nilipokuwa nazungumza. Nilikuwa nimezoea kwamba usiku Shangazi husikiliza akiwa ameelekeza uso kando kidogo, nikadhani ni utaratibu wake wa kusikiliza. Alikuwa haoni midomo yetu, akiifuata sauti. "Umekonda," aliniambia, na nilikuwa nimekonda tangu Ramadhani.

Baada ya wiki moja akanipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za watoto akaja kwenye lake. "Sasa mwanangu, na ya jikoni je? Kule mchele nauchambua kwa vidole."

Jikoni kwake kuna holda moja ya pini, ukutani juu ya mlango, nyuma ya mtu anayesimama jikoni. Kila anayepika hupika ndani ya kivuli chake mwenyewe, na hata ukiweka globu kali zaidi kivuli kitabaki pale pale. Huko holda inabidi ihame, ije mbele, juu ya meza ya kuchambulia, usawa wa kichwa au juu kidogo. Fundi anasema waya upo wa kutosha kwenye dari. Atakuja Jumamosi, na nimemwomba amuulize Shangazi anyooshe mkono kabla hajatoboa ukuta.